KINYWA KINAPOFUNGIKA MBELE YA WATU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati bukari inangojewa mezani, leo hatutasema juu ya kaske, wala bote, wala maji ya kuchemsha. Hayo tumeyaandika mara nyingi na tutayaandika tena. Leo tuseme juu ya ugonjwa ambao picha ya radio haiuoni, termometre haiupimi, na hata hivyo unaweza kumvunja mwenzako mguu.

Nitaanza na jambo lililonifikia mimi mwenyewe.

Siku moja ya majira ya mvua walileta dispanseri kijana mmoja wa kazi ya chini ya ardhi. Jiwe lilitoka juu ya galeri, likapiga chini, likaruka, likamvunja mfupa wa mguu wa kushoto. Bote yake ilikuwa na chuma mbele, kwa hiyo vidole vilipona. Tulimfunga mguu kwa ubao, tukampa dawa ya maumivu, na gari la wagonjwa likampeleka ospitali. Tukaandika karatasi za aksida kama desturi. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha.

Jioni nilipotaka kufunga mlango niliona papa mmoja ameketi mwisho wa benchi. Alikuwa amewaacha watu wote wapite mbele yake. Ni mtu wa kazi ya siku nyingi, mtoboaji wa mwamba, zaidi ya miaka 15 chini. Nikamwuliza:

— Papa, unagonjwa nini?

— Docta, sina mugonjwa. Ile jiwe, niliiona.

Wewe unayefanya kazi chini unajua. Asubuhi, kabla ya kazi, tunagonga mwamba kwa ufito wa chuma. Mwamba mzima unalia kama kengele. Mwamba uliolegea unalia bubu, kama ngoma ambayo ngozi yake imelowa maji. Papa huyu aligonga, akasikia sauti ya bubu. Akajua. Lakini alikuwa mgeni katika ekipi ile, alikuwa amehamishwa majuma mawili tu. Wakati shefu alipouliza katika mkutano wa asubuhi kama kuna mtu mwenye neno la kusema juu ya usalama, ndipo mambo yakaharibika.

— Roho ikaanza kupiga, mukono ikatetemeka, kinywa ikakauka. Nikaona bantu yote banaanza kunitazama, na bado sijasema. Nikajisemea: nitamwambia shefu kisha, peke yake. Kisha mashine zikaanza kulia.

Sitaandika jina lake, na wewe usilitafute. Kama unacheka na kusema kwamba mwanaume mzima anaogopaje kusema maneno matano, basi ukurasa huu umeandikwa hasa kwa ajili yako.

SI UVIVU, SI KIBURI, SI ULOZI

Kila mtu anasikia haya mara kwa mara. Bibi-arusi anasikia haya, mtoto mbele ya mwalimu anasikia haya, hiyo ni tabia ya binadamu na tena ni heshima. Ugonjwa ni kitu kingine. Ni pale ambapo mtu anaogopa macho ya wenzake kiasi cha kuacha jambo la lazima: haendi kuuliza hesabu ya mshahara wake ijapokuwa anaona imekosewa, hali chakula mbele ya wengine kwa kuogopa mkono utatetemeka, anakimbia mkutano wa wazazi, anaikataa kazi ya ushefu aliyostahili kuipata.

Waganga wa Ulaya wameujua siku nyingi. Mfaransa Pierre Janet aliandika juu yake mwaka 1903. Waamerika waliuingiza katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980. Mara nyingi unaanza katika utoto au ujana, kati ya miaka 8 na 15, na mtu anaubeba mpaka uzee bila kumwambia hata bibi yake, kwa sababu anafikiri ndivyo alivyoumbwa.

Ndani ya mwili mambo ni haya. Mwili haujui tofauti ya simba na ekipi ya watu 20 wanaokutazama. Unaona hatari, basi unamwaga katika damu dawa yake ya kukimbia. Moyo unapiga haraka ili miguu ipate damu. Jasho linatoka ili mwili upoe. Mate yanakauka, kwa maana mtu anayekimbia simba hana haja ya kula. Hayo yote yangekufaa sana kama ungekuwa na simba. Katika mkutano hakuna simba. Unasimama pale na mwili unataka mbio, na akili yako, badala ya kufikiri juu ya jiwe, inafikiri juu ya mkono wako unaotetemeka na nani ameuona.

Mimi ninaijua hali hiyo si katika kitabu tu. Nilipokuwa katika shule ya ufundi ya afya, katika mtihani wa mwisho, niliambiwa kupima tansio ya mgonjwa mbele ya watu watatu wenye kalamu. Nilikuwa nimepima tansio mara mia. Siku ile nilifunga kitambaa mkononi mwa mgonjwa, nikatia vyuma vya kusikilizia masikioni, nikasikiliza, na sikusikia kitu isipokuwa moyo wangu mwenyewe. Nikasema namba ya uongo. Mmoja wa wale watatu alijua, akatabasamu, akanipa nafasi ya pili. Nasema hivi ili usifikiri kwamba mwenye koti jeupe amezaliwa na kinywa kilicho wazi.

KUGONGA KWA VIDOLE

Sasa nitakueleza namna moja ambayo nilimfundisha papa yule, na ambayo wengi kati yenu mmeniuliza juu yake baada ya kuniona nikijigonga kifuani kabla ya kusema katika mkutano wa afya. Mlicheka. Hata mimi nilicheka nilipoonyeshwa mara ya kwanza na muuguzi mwenzangu, aliyeipata katika mafunzo ya kusaidia watu walioona vita.

Ilitoka Marekani. Karibu na mwaka 1980 mganga wa mambo ya roho, Roger Callahan, alikuwa na mgonjwa mmoja mwanamke aliyeogopa maji sana. Mwanamke huyo alisema woga unamkaa tumboni. Callahan alikuwa amesoma kidogo uganga wa Wachina, ule wa sindano, unaosema kwamba kuna njia za nguvu mwilini na kwamba njia ya tumbo inaanza chini ya jicho. Akamwambia ajigonge chini ya jicho kwa vidole. Woga ukapungua. Kisha, katika miaka ya 1990, mhandisi mmoja aitwaye Gary Craig aliyejifunza kwake aliifupisha kazi yote: badala ya njia tofauti kwa kila ugonjwa, akaweka mzunguko mmoja wa mahali pa kugonga, uleule kwa kila woga. Huo ndio watu wengi wanaoutumia leo.

Unafanywa hivi. Soma polepole, na mama akusomee kama mikono yako inafanya.

Kwanza nawa mikono. Nasisitiza neno hili kuliko yote yanayofuata, maana katika mzunguko huu utagusa macho, pua na mdomo, na mikono inayotoka kazini ina vumbi la madini. Vumbi la kobalti na la risasi halina kazi kinywani mwako. Kwa hiyo usigonge uso ukiwa kazini na mikono michafu au na glavu.

Keti. Fikiri juu ya jambo moja tu linalokutisha, si woga wote wa maisha. Usiseme “ninaogopa watu”. Sema “ninaogopa kunyosha mkono kesho katika mkutano wa asubuhi”. Kisha upime woga huo kwa namba, toka 0 mpaka 10. Sifuri ni kama umelala chini ya muembe siku ya konje. Kumi ni woga usioweza kuzidi. Papa wetu alisema 9.

Chukua vidole viwili vya mkono mmoja, cha shahada na cha katikati, ugonge ukingo wa kiganja cha mkono mwingine, upande wa kidole kidogo, pale fundi wa karate anapopigia ubao. Unapogonga sema mara 3, kwa sauti au moyoni: “Ijapokuwa ninaogopa kusema mbele ya ekipi, najipokea kama nilivyo.” Maneno unaweza kuyabadili. Mama mmoja aliona vigumu kusema “najipokea”, akasema “Mungu ananijua”, na ikamfaa vilevile. Lakini usiruke sehemu ya kwanza, ile inayotaja woga. Watu wengi wanapenda kuruka pale.

Kisha gonga mara 6 au 7 kila mahali, pole, kama unavyogonga mlango wa chumba cha mtoto mchanga: juu ya utosi, mwanzo wa nyusi karibu na pua, mfupa ulio kando ya jicho, mfupa ulio chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kati ya mdomo na kidevu, chini ya ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, karibu na katikati ya kifua, na mwisho ubavuni, upana wa kiganja chini ya kwapa. Upande wa kulia au wa kushoto ni mamoja. Kila mahali sema neno fupi: “woga huu”. Ukimaliza, vuta pumzi ndefu, itoe polepole, ujipime tena. Kama ulikuwa 9 na sasa ni 7, zunguka tena. Dakika 10 zinatosha. Ikibaki 3, acha, 3 si mbaya. Mtu anayesema mbele ya watu kwa woga wa 3 anasema vizuri kuliko yule wa sifuri ambaye hajali.

Wengine wameniuliza kama huu ni ulozi au dini mpya. Si moja wala nyingine. Hakuna dawa ya kunywa, hakuna jina la kutaja, hakuna pesa ya kutoa. Na kama mtu anakuja katika mtaa wako na kukuambia kwamba atakugonga kwa vidole akuponye sukari, tansio au kifafa, umfunguliwe mlango wa kutokea. Usiache vidonge vyako vya ospitali kwa sababu ya vidole vya mtu.

JE, INAFAA KWELI?

Sitawadanganya. Nimewaambia jinsi ya kuifanya, sasa lazima niwaambie waliyoyaona waliopima.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Kanada, Waite na Holder, walichapisha kazi yao juu ya wanafunzi 119 wenye woga. Waliwagawa makundi manne. Kundi moja liligonga mahali palepale nilipotaja. La pili liligonga mkononi, mahali pasipo na maana yoyote katika mafundisho ya Craig. La tatu halikujigonga kabisa, liligonga mwanasesere. La nne lilifanya kazi nyingine ya mikono. Matokeo? Makundi matatu ya kwanza yote woga wao ulipungua, na karibu sawasawa. Kundi la nne halikupata kitu.

Tafakari kidogo. Kama kugonga mwanasesere kunafaa sawa na kugonga chini ya jicho, basi siri haiko katika njia za nguvu za Wachina. Hakuna aliyezionyesha njia hizo ndani ya mwili. Mimi nimeona miili iliyofunguliwa, sikuziona.

Upande mwingine, kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2011 iliyofanywa hapa jirani, Rwanda, na watu wazima 145 waliookoka mauaji ya 1994. Walitumia namna ya Callahan. Waliofanyiwa walipungukiwa na maumivu ya roho kuliko wale waliowekwa wangoje zamu yao. Ni habari njema, lakini kungoja peke yake si dawa ya kulinganisha nayo: mtu aliyepata kusikilizwa na mwenzake kwa saa nzima anapata nafuu hata bila vidole.

Basi mimi naonaje? Naona kwamba mtu anapogonga anafanya mambo matatu kwa pamoja, na hayo matatu ndiyo yanayofanya kazi. Anautaja woga wake badala ya kuukimbia. Mwili wake unapata kazi ndogo, ya taratibu, na pumzi inatulia. Na anajiona anaweza kufanya kitu, hayuko tena kama mbuzi aliyefungwa. Kama vidole vinakusaidia kufanya hayo matatu, vitumie. Mganga anayetaka kweli tupu hawezi kukuambia zaidi ya hapo.

PAKA WA JOHANNESBURG

Ile desturi ya kupima woga kwa namba haikutoka kwa Craig. Ilitoka kwa daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika ya Kusini. Na kwake huyu tuna somo kubwa kuliko la kugonga.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Wolpe alifanya kazi Johannesburg, mji wa migodi kama yetu, na alikuwa na paka. Aliwatisha ndani ya sanduku la chuma kwa umeme mdogo, mpaka wakaliogopa sanduku na hata chumba chenyewe, wakakataa kula humo ijapokuwa wana njaa. Kisha akawaponya hivi: akawapa chakula katika chumba kingine, kisichofanana na kile. Wakala. Siku nyingine katika chumba kinachofanana kidogo. Wakala. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka wakala ndani ya sanduku lenyewe. Mwaka 1958 aliandika kitabu juu ya kuwaponya watu kwa njia hiyo: woga mdogo kwanza, mtu akiwa ametulia, kisha mkubwa kidogo.

Mpaka leo hiyo ndiyo dawa iliyohakikishwa zaidi kwa ugonjwa huu, pamoja na mazungumzo ya kurekebisha mawazo na, kwa wale walioelemewa sana, vidonge ambavyo daktari peke yake anaweza kuandika. Kugonga bila kupanda hatua ni kama kunoa shoka kila asubuhi na kutokwenda porini. Nimeona watu wa namna hiyo: wanagonga nyumbani kila jioni, wanashuka mpaka sifuri, na kesho kinywa kimefungwa palepale.

Papa yule na mimi tuliandika ngazi yake katika kipande cha karatasi. Chini kabisa: kumwamkia shefu kwa sauti, kwa jina. Juu yake: kumwuliza shefu swali moja, wakiwa wawili. Juu yake: kumwambia mwenzake wa kazi, mbele ya mtu wa tatu, “jiwe hili linalia vibaya”. Halafu kusoma tangazo kwa sauti mbele ya ekipi. Na juu kabisa: kunyosha mkono katika mkutano wa asubuhi na kusema neno la usalama. Kila hatua tuliipa namba. Kila jioni aligonga juu ya hatua ya kesho. Alikaa katika hatua moja mpaka ishuke kwenye 3 au 4, ndipo akapanda.

Hatua ya kwanza ilichukua siku 2. Ya tatu ilichukua karibu mwezi. Katika ile ya nne alirudi nyuma kabisa: alisoma tangazo, mtu mmoja akaiga sauti yake, wengine wakacheka, na juma zima hakuja dispanseri. Nilimtuma mtoto wake na salamu. Akarudi.

Nikamwuliza bibi yake ameona nini nyumbani. Akajibu:

— Zamani alikuwa anarudia bantu yote kisha kwenda kulala: huyu alinitazama vile, huyu alicheka. Sasa anagonga-gonga kama muswaki wa meno, kisha analala. Mimi pia nimejifunza, niko nafanya mbele ya kwenda ku kikundi cha akiba.

Mama huyu hajawahi kuniambia kwamba anaogopa. Wala sikumwuliza.

MAHALI PA KUJIHADHARI

Usigonge ukiwa unaendesha mashine, kamyo au winchi. Usivue kaske chini ya ardhi kwa ajili ya kugonga utosi, uruke utosi. Katika mkutano penyewe, mahali pawili vinatosha na hakuna atakayeona: ukingo wa kiganja, na mfupa wa kifua kupitia nguo. Au pumua tu: vuta kwa kuhesabu mpaka 4, toa kwa kuhesabu mpaka 6, mara 5.

Kama ukigonga yanakujia mambo mabaya uliyoyaona, moto, aksida, vita, kifo cha mtoto, ukaanza kulia bila kuweza kusimama, acha. Fungua macho, taja vitu vilivyo chumbani, kunywa maji, na usiendelee peke yako. Njoo kwetu.

Na moyo unaopiga haraka si woga kila mara. Kama unapiga hivyo ukiwa umeketi peke yako nyumbani, kama kifua kinabana na maumivu yanashuka mkononi, kama umekonda bila sababu, au mikono inatetemeka asubuhi mpaka unywe kikombe, hayo ni mambo mengine na yanatakiwa kupimwa. Nimetaja kikombe kwa makusudi. Dawa ya woga inayotumika zaidi katika kambi zetu si kugonga, ni lutuku. Mtu anakunywa kidogo kabla ya kilio ili aweze kusema pole, kidogo kabla ya mkutano wa familia ya mahari, kisha kidogo kabla ya kushuka kazini. Lutuku inafungua kinywa, hiyo ni kweli. Inafungua kinywa na inafunga sikio, na chini ya ardhi sikio ndilo linalosikia mwamba.

NENO KWA MASHEFU

Ninajua baadhi yenu mtakasirika, lakini ukurasa huu ni wa usalama.

Mfanyakazi anaweza kugonga vidole mpaka vitoe malengelenge. Kama siku anaposema jiwe linalia bubu wewe unamjibu “umeanza uvivu wako”, mbele ya watu, umeharibu kazi ya miezi mitatu kwa maneno matatu. Na si yeye tu. Watu 19 wengine wamesikia, na kesho wao pia watanyamaza, hata wale ambao hawana ugonjwa wowote.

Jaribu mambo madogo. Usiulize tu “kuna mtu mwenye neno?”, maana swali hilo linajibiwa na walewale wawili wenye kinywa chepesi. Zunguka ekipi, mwulize kila mtu kwa zamu: “Wewe, pale kwako, mwamba unalia namna gani?” Anayeulizwa kwa zamu hana haja ya kunyosha mkono. Mpokee yule anayekuja kukuambia pembeni. Na ukisimamisha kazi ukakuta jiwe lilikuwa zima, mshukuru aliyesema. Ndilo neno gumu kuliko yote, nalijua, kwa sababu tani zinahesabiwa na shukrani haihesabiwi.

SIKU ILE

Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, katika miezi ya baridi. Papa yule alikuwa amenipa habari jioni ya jumapili: alikuwa kwenye 5, haikutaka kushuka. Nikamwambia kwamba 5 inatosha, aende nayo.

Asubuhi shefu aliuliza. Papa akanyosha mkono. Sikuwa pale, nimeambiwa na wengine. Wanasema sauti yake ilitoka ndogo, na shefu alisema “nini?”, na ikabidi arudie. Hilo ndilo aliloliogopa kwa miaka 15, kurudia. Akarudia: juu ya galeri, upande wa kulia, baada ya boriti ya tatu, mwamba unalia bubu.

Walisimamisha kazi, wakaweka kamba, wakaangusha kwa vyuma. Ilichukua karibu saa moja. Kilichoanguka kilikuwa vipande vidogo, hakuna kilichozidi kaske. Mmoja akasema: “Saa nzima kwa changarawe hii?” Wengine wakacheka. Shefu akaandika katika buku lake, akasema kazi iendelee.

Jioni papa alipita dispanseri. Nilifikiri atakuwa amevunjika. Akaketi mwisho wa benchi kama kawaida yake, akangoja watu wote wapite, akanieleza yote, hata kicheko.

— Na namba, papa? Walipocheka ilikuwa ngapi?

Akafikiri.

— Nane. Kisha kazi ikaanza, nikasahau kuipima.

Kijana aliyevunjika mguu amekwisha kurudi kazini, sasa yuko juu, katika karakana ya taa. Papa ndiye aliyekwenda kumwambia mwenyewe, nyumbani kwake, mbele ya mama yake, kwamba aliliona lile jiwe. Hatua hiyo haikuwa katika ngazi tuliyoiandika. Aliiongeza peke yake, kwa kalamu ya risasi, juu ya ile ya mwisho.

Kila alhamisi baada ya zamu ya mchana mlango wa dispanseri unabaki wazi kwa wale wanaotaka kujifunza. Benchi ni ileile. Anayetaka kungoja wote wapite, angoje.